Shajara ya mradi: kifua cha mwanamke, Mikindani

Januari 2025

Kikundi chetu cha wanawake wabanguaji wa korosho kimekubali. Wanachama wengi wameshalipwa korosho zao za mnada wa mwisho, na kwenye kikao cha kwanza cha mwaka tumepitisha kwamba sehemu ya mfuko wa jamii itengwe kwa dharura za moyo. Kila mwanachama ataongeza shilingi 500 kwa wiki juu ya hisa zake za kawaida. Mfuko wa jamii tunao tangu tulipoanza kuweka na kukopa, ila ulikuwa wa misiba na wagonjwa waliokwisha kulazwa. Sasa tunataka fedha inayotoka kabla mtu hajafika kitandani.

Sababu kila mmoja anaijua. Novemba, msimu umepamba moto, nilipata mshtuko wa moyo nikiwa na miaka 49, na nusu ya siku ikapita watu wakinitibu gesi. Nimerudi hai. Mimi ni katibu, kwa hiyo kalamu ya shajara hii ni yangu, na sitaficha kwamba mradi huu umo mwilini mwangu.

Tunachotaka kiwe tayari kabla msimu ujao haujafunguliwa Oktoba: kila mwanamke wa kikundi azijue dalili, presha yake ijulikane, usafiri wa usiku na mchana uwe umepangwa, na kila mmoja ajue kukiomba kipimo cha moyo kwa jina lake, ECG, badala ya kusubiri afikiriwe.

Februari, mwanzoni

Mashine ya presha imenunuliwa, ya kufunga kwenye mkono wa juu. Ya kifundo cha mkono ilikuwa na bei nafuu lakini nesi mstaafu anayetusaidia aliikataa palepale dukani. Alitaka pia mkanda mkubwa wa ziada. Mwenye duka alishangaa, sisi hatukuelewa, mpaka tulipofika barazani akampima mwanachama mmoja mwenye mkono mnene kwa mkanda wa kawaida, kisha kwa ule mkubwa. Namba zilishuka. Mkanda unaobana husoma presha juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji.

Ametufundisha utaratibu na anausimamia kwa ukali. Mtu akojoe kwanza. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kuongea hakuna, na hapo ndipo kazi ilipo, maana wabanguaji tumezoea mikono ifanye kazi na midomo ifanye yake. Kipimo kinarudiwa mara ya pili. Ikifika 140 juu au 90 chini siku tofauti, anaandikiwa kwenda kituoni.

Mmoja wetu alisoma 182/110, akapumzika, akasoma karibu vilevile. Haumwi popote. Alikuwa amekuja na beseni la korosho kichwani. Nesi hakumruhusu arudi kumenya. Aliondoka naye mwenyewe.

Februari, mwishoni

Leo nimesimulia. Mwenyekiti alitaka kabla ya somo la dalili wanawake wasikie kwa aliyepita huko, na wasikie yote. Naandika kama nilivyosema, kwa ajili ya ambao hawakuwepo.

Ilianza kabla ya siku yenyewe. Nilikuwa nachoka uchovu nisioujua. Ndoo ya maji kutoka bombani hadi jikoni nilikuwa naitua njiani, navuta pumzi, nainua tena. Msimu wa korosho kila mwanamke anachoka, hakuna aliyenitazama mara mbili.

Siku hiyo niliamka saa kumi na moja alfajiri niswali. Kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka na feni inazunguka. Taya la kushoto liliuma mpaka nikadhani jino. Katikati ya mabega, nyuma, kulikuwa na maumivu yasiyo na kona, na kifuani uzito, kama gunia la korosho limelazwa pale na mwenyewe ameondoka. Hakikuchoma. Hilo nimelirudia mara kadhaa leo, kwa sababu wengi tunasubiri kichomi ndipo tuamini. Kichefuchefu kikafuata.

Wifi yangu akanipikia maji ya tangawizi. "Wifi, hiyo gesi, jana umekula maharage." Nikamwambia gesi naijua, tumezeeka nayo, hii siyo. Tukaenda zahanati. Nikatobolewa kidole, malaria hakuna. Nikamwambia kijana aliyenihudumia kwamba mkono wa kushoto ni mzito na pumzi haifiki chini. Akaniuliza, "Mama, ulilalia mkono?" Presha hakupima. Nikapewa vidonge vya kutafuna vya tumbo, vingine vya vidonda vya tumbo, na ushauri wa kunywa maziwa. Nilisema kwa mdomo wangu, "Mwanangu, naona ni moyo." Akasema moyo ungekuwa umeniangusha.

Hilo la kuanguka ndilo lililotaka kuniua. Mshtuko wa moyo haumwangushi kila mtu. Moyo una mishipa yake inayoulisha wenyewe. Mafuta yanajikusanya ndani ya ukuta wa mshipa miaka na miaka, siku moja ukuta unapasuka, damu inaganda juu ya pale palipopasuka, njia inaziba. Sehemu ya moyo iliyokuwa inalishwa na mshipa ule inaanza kufa, wakati sehemu nyingine inaendelea kupiga. Ndiyo maana niliweza kutembea, kulipa, na kusema asante.

Adhuhuri nilitapika. Shemeji yangu mwenye bajaji alikuja kuniona, akatazama uso wangu, akasema tu, "Shemeji, panda." Kila tuta la barabarani nalikumbuka.

Hospitali kubwa nesi alinibandika vibandiko kifuani, vya baridi, na vishikizo mikononi na miguuni. Karatasi yenye miraba ya rangi ya waridi ikatoka ina mstari. Daktari, mama wa makamo, aliusoma mstari kabla ya kunitazama mimi. Akauliza maumivu yalianza saa ngapi. Nikasema saa kumi na moja. Akageukia saa ya ukutani: saa nane mchana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na inasaidia zaidi kadiri inavyotolewa mapema. Akanipa aspirini, akasema, "Tafuna, usimeze nzima." Kisha dripu.

Baadaye nikapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kwa gari la wagonjwa, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Waliingilia kifundo cha mkono, wakapitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo, nikauona mshipa wangu kwenye skrini, umebanwa mahali pamoja. Wakauzibua na kuacha ndani kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachouweka wazi. Upande wa chini wa moyo umedhoofika, kipimo cha eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kilionyesha. Ule haurudi wote. Zile saa za asubuhi zimekaa pale.

Maswali yalikuwa mengi. Bibi mmoja aliuliza kama wanaume ni tofauti. Nesi akajibu vizuri: hata kwa wanawake kifua ndicho kinacholalamika mara nyingi zaidi, lakini mwanamke kuliko mwanaume huja na mengine juu yake, kichefuchefu, kukosa pumzi, taya, shingo, mgongo, uchovu wa ajabu, na wapo ambao kifua hakiumi kabisa. Mwenye kisukari anaweza kuhisi kidogo sana. Mwanachama mmoja alitoka nje. Mama yake alifariki kwa kile walichoambiwa ni tumbo la ghafla.

Machi

Ramadhani. Daktari wangu amenizuia kufunga mwaka huu na ustadhi amenikumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa. Najua. Bado jioni watu wanapofuturu najisikia mgeni nyumbani kwangu, na nimeliandika hapa kwa sababu wanawake wanaacha dawa mwezi huu ili wasijisikie hivyo. Nesi amekaa na kila mwenye dawa za presha mmoja mmoja, wakapanga upya saa za kumeza, daku na futari, na ambao dawa zao hazipangiki hivyo amewarudisha kwa daktari.

Dawa zangu: aspirini ndogo, klopidogreli, atovastatini ya kupunguza mafuta kwenye damu usiku, moja ya kutuliza mapigo, moja ya presha. Klopidogreli ndiyo inayolinda kile kibomba damu isigande ndani yake, na nimeambiwa mwaka mzima isikosekane hata siku moja bila daktari kusema. Nanunua kabla pakiti haijaisha, kwa sababu duka la jirani halina na mjini kuna siku hakuna.

Usiku ndio mgumu. Kila kinachopita kifuani nakaa kitandani nahesabu pumzi. Nilipomwambia nesi alisema hofu hii inawapata wengi waliotoka huko, na kwamba ni sehemu ya kupona inayostahili kutajwa kwa daktari. Nimeitaja.

Aprili

Mvua. Mahudhurio hafifu, mikutano miwili imeahirishwa. Michango imeingia pungufu.

Mei

Hatua kubwa kuliko zote hadi sasa, na haikuwa kwenye mpango. Kungwi mmoja wa mtaa wetu amejiunga. Wanawake wa huku humwambia kungwi mambo ambayo mume hayajui na daktari hayaulizi, tangu siku walizochezwa unyago.

Nesi alikuwa anaeleza kwamba mwanamke aliyepata kifafa cha mimba, au presha ya mimba, au kisukari cha mimba, ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka ya mbele, hata kama presha ilishuka alipojifungua. Wanachama walinyamaza. Nani anasema hadharani kwamba alipata kifafa? Wengine waliambiwa ni mashetani, wakatolewa uchawi. Kungwi akasema, "Hilo niachieni mimi." Ndani ya mwezi ameleta wanawake wenye historia hiyo, mmoja mmoja, jioni, uani kwake, na mashine ya presha ikaenda huko badala ya wao kuja barazani. Kati yao wamo wenye presha ya juu ambao hawajawahi kupimwa tangu kliniki ya mtoto wa mwisho. Nami pia nilipata presha kwenye mimba yangu ya tatu. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena baada ya hapo.

Kungwi ameomba pia swali la kukoma hedhi liongezwe, kwa kuwa kuanzia hapo hatari ya moyo kwa mwanamke inapanda. Limeongezwa.

Juni

Usafiri. Tumejifunza kwa M-mama, ule mfumo wa kupiga 115 bure: mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akiwa na dharura anatafutiwa gari, na pasipo na gari la wagonjwa anatumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, analipwa na mfumo. Mwenye kifua hayumo kwenye mfumo huo, lakini wazo linafaa: dereva anajulikana mapema, bei imekubaliwa mapema, mgonjwa hapapasi pochi.

Tumekubaliana na shemeji yangu wa bajaji na mwenzake mmoja. Simu hazizimwi usiku. Nauli inalipwa na mweka hazina, mgonjwa haulizwi. Tumefanya jaribio la usiku bila kuwaambia siku: simu ilipokelewa, bajaji ikafika, lakini mweka hazina alikuwa amefunga sanduku na mmoja wa wenye funguo yuko Nanyamba kwenye msiba. Sanduku letu lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, ndivyo vikundi vinavyolinda fedha. Kwa hiyo fedha ya dharura imetolewa sandukuni, sasa inakaa kwenye simu ya mweka hazina, na salio linasomwa kila kikao.

Tumebishana sana juu ya aspirini. Wengine walitaka kila nyumba iwe nayo. Nesi alikubali kwamba kutafuna miligramu 300 mapema kunasaidia kwa mshtuko wa moyo, ila siyo kwa mwenye mzio nayo au anayetokwa damu tumboni, na mtu akipinda mdomo, akalegea mkono au akashindwa kuongea, hiyo ni dalili ya kiharusi na aspirini isiguswe, kwa sababu huenda mshipa wa kichwani umepasuka. Uamuzi: aspirini inakaa kwa nesi na kwa kungwi, haitolewi kabla ya kumpigia mhudumu wa afya. Mimi nilitaka ikae kila nyumba. Nimeshindwa kwa kura, na nikifikiria bibi zetu wanaomeza dawa za jirani, naona walinishinda kwa haki.

Kila mwanachama amekariri maneno ya kusema afikapo kituoni. "Naomba nipimwe moyo, ECG. Maumivu yameanza saa fulani." Kama mashine haipo: "Naomba rufaa sasa hivi." Tumefanyia mazoezi ana kwa ana, mmoja anacheza mhudumu anayesema ni gesi, mwingine anarudia bila kukasirika na bila kuondoka. Mwanzo walikuwa wanainamisha macho. Kusema neno la pili mbele ya mtu wa koti jeupe ni kazi ngumu kwa mwanamke aliyelelewa huku kuliko kubangua debe zima.

Julai

Jiko la kukaangia korosho limehamishwa kutoka ndani ya banda hadi nje, upande ambao upepo unauondoa moshi. Moshi ule, na wa kuni za nyumbani, una sehemu yake kwenye magonjwa ya moyo. Mimi sikaangi tena, namenya na kupanga madaraja.

Chumvi: kijiko cha chai kwa siku ndio mwisho kwa mtu mzima, vyote vikiwemo. Ng'onda, samaki wa kukausha, analowekwa na maji yanamwagwa mara mbili kabla ya nazi. Ming'oko, mizizi ya porini tunayochemsha, bila kuchovya chumvi imekataliwa na wote, tumekubaliana wapunguze.

Agosti

Nane Nane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Tulikwenda kuuza korosho, tukaweka meza ya presha pembeni ya pakiti. Wanaume walipanga foleni wakiwapita wake zao, mpaka kungwi akasimama mbele akatangaza kwamba meza hii ni ya wanawake kwanza. Mwanamke kutoka Nachingwea alinisikiliza, akashika taya lake la kushoto, akaniambia limekuwa likimsumbua kila akipanda mlima na kumwacha akipumzika. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika yanaweza kuwa dalili ya mshipa wa moyo uliobanwa. Tulimpeleka siku ileile Hospitali ya Sokoine, na binti yake ananipigia simu.

Septemba

Mfumo umetumika kwa mara ya kwanza. Mwanachama mwenye miaka 53, presha anayo, alishikwa na uzito kifuani baada ya magharibi na kutapika. Mkwe wake alipiga simu, bajaji ikaja, fedha ikatoka. Kituo cha kwanza hakikuwa na mashine. Alisema maneno yake, akapewa rufaa bila mabishano. ECG ikasoma sawa. Kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama moyo umeumia, kikawa sawa, kikarudiwa baada ya saa 3, kikawa sawa tena. Asubuhi akaambiwa ni vidonda vya tumbo.

Kikao cha juzi kilikuwa kikali. Wapo waliosema fedha imeliwa na gesi, na mwenyewe alikaa kando hatazami mtu, akiahidi kuirudisha. Niliomba nafasi. Nilisema mwaka jana mimi nilipewa jibu la gesi bila kipimo, na yeye amepewa jibu la tumbo baada ya vipimo vitatu, na sioni ni wapi amekosea mwenzetu huyu. Hata daktari hawezi kutofautisha kwa macho, ndiyo maana kuna karatasi na damu. Tukianza kumdai nauli anayekutwa mzima, atakayefuata atanyamaza mpaka kulipambazuke.

Kungwi alisema maneno machache kuliko mimi, na nadhani ndiyo yaliyopitisha kura: "Huyu katoka hospitali na miguu yake. Mnataka nini kingine?"

Imepitishwa kwamba hakuna anayerudisha fedha kwa sababu ya majibu mazuri. Mfuko utajazwa kwa mchango wa malipo ya kwanza ya mnada mwezi ujao. Shemeji ameuza bajaji yake, kwa hiyo anatafutwa dereva mwingine wa usiku, ikiwezekana wa upande wa Mitengo karibu na hospitali ya kanda, mwenye bajaji yenye taa nzima.